Baba haoni anayempigia: namna ya kuifanya simu imtajie jina

*"Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ana miaka 71, yuko Muheza, mimi naishi Dar. Macho yake yamefifia taratibu kwa karibu miaka minne, sasa anaona mwanga na vivuli tu. Nyumbani tunasema ni uzee. Ana simu ya Android ya kupangusa aliyoachiwa na mdogo wangu. Ikiita hajui nani anapiga, kwa hiyo anapokea kila mtu. Mwezi wa tatu alipokea mtu aliyejifanya ni mimi, eti nimelazwa, akamwomba kijana wa jirani amsaidie kutuma 85,000. Nikampakulia programu ya kutaja majina ya wanaopiga. Ilitaja siku mbili, tena Kizungu: dada yetu Mage ikamwita 'Meji', fundi wetu wa Same akawa 'Fundi Seimu'. Siku ya tatu ikanyamaza, ikabaki kuleta matangazo. Je, kuna programu nzuri ya Kiswahili? Au nimnunulie iPhone? Na simu ikitaja jina, ndiyo matapeli watakuwa wameshindwa?"*

Marahaba, dada yangu, na poleni sana kwa hiyo 85,000. Mpe pole baba pia. Nimefundisha wazee wengi wasioona kutumia simu, na karibu kila mmoja wao ana siku kama hiyo ya mwezi wa tatu. Kinachowauma zaidi kuliko fedha ni kule kudanganywa kwa sauti ya mtoto wao.

Umeuliza maswali matatu, na nitayajibu yote. La nne hukuliuliza, umelipitia kwa maneno matatu tu: "tunasema ni uzee". Hilo nalo nitalifikia, na nakuomba usiishie katikati kabla hujalisoma.

Nianze na habari njema. Uwezekano ni mkubwa kwamba huhitaji programu mpya wala iPhone. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni huja na uwezo wa kutaja jina la anayepiga ndani yake, ila umezimwa. Kilichoharibika kwa baba ni mambo mawili: programu ya pembeni iliyozimwa na simu yenyewe, na sauti ya Kiingereza iliyopewa majina ya Kiswahili isome.

Hebu tuone kinachotokea tangu unapobonyeza kupiga ukiwa Dar. Watu wengi wanaamini mtandao ndio unaopeleka jina. Mtandao unapeleka namba tu, na namba hiyo inamfikia baba kabla simu haijaanza kuita. Simu yake huichukua na kuitafuta kwenye orodha ya majina yaliyohifadhiwa, ikilinganisha tarakimu kuanzia mwisho. Ndiyo maana namba iliyoandikwa kwa 07 na ile ile iliyoandikwa kwa +255 simu huziona ni moja. Ikiipata, inachukua maandishi yaliyo kwenye nafasi ya jina, herufi kwa herufi, na kuyakabidhi kwa kipande kingine cha programu kiitwacho injini ya sauti. Injini haimjui Mage. Inapewa herufi nne, M, a, g, e, na kitabu cha kanuni za lugha moja. Ikiwa kitabu ni cha Kiingereza, kanuni inasema "e" ya mwisho hainenwi na "a" iliyo kabla yake hurefuka ikawa "ei". Meji. Seimu. Injini imefanya kazi yake sawasawa, ila kwa kitabu kisichohusika.

Kiswahili kwa kazi hii ni lugha nyepesi mno. Irabu zetu ni tano, kila moja ina sauti moja, tunaandika tunavyotamka, na mkazo karibu siku zote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Injini yenye kanuni za Kiswahili huwasoma Mwanahawa, Athumani na Shangazi vizuri kuliko injini ya Kiingereza inavyowasoma Waingereza wenyewe. Na injini ya sauti ya Google, ambayo imo kwenye simu nyingi za Android, ina sauti ya Kiswahili. Inapakuliwa mara moja kwa bando, kisha inafanya kazi bila intaneti. Hapo ndipo pa kuanzia.

Ukienda Muheza, fungua mipangilio ya simu ya baba, ingia sehemu ya ufikivu, ile yenye nyenzo za watu wenye ulemavu, utafute mstari unaohusu kusoma maandishi kwa sauti. Simu ikiwa kwa Kiingereza umeandikwa "Text-to-speech". Chagua injini ya Google, pakua sauti ya Kiswahili, uiweke iwe ndiyo lugha ya injini. Pale pale kuna vitelezi viwili, cha kasi na cha unene wa sauti, na kitufe cha kusikiliza mfano. Usivipange wewe. Mpe baba simu asikilize, akuambie "punguza", "hapo hapo". Wazee wengi niliowafundisha hupenda kasi ya chini kidogo kuliko iliyowekwa kiwandani. Mwenye usikivu uliopungua mara nyingi husikia sauti nene vizuri kuliko nyembamba. Baada ya hapo badilisha na lugha ya simu nzima iwe Kiswahili, kwa sababu mara nyingi utajaji wa jina hufuata lugha ya simu.

Kisha fungua programu ya kupigia simu yenyewe. Kama ni ile ya Google, gusa alama ya menyu iliyo juu, ingia mipangilio, shuka mpaka kwenye kutangaza jina la anayepiga; kwa Kiingereza ni "Caller ID announcement". Utapewa chaguo tatu: kila wakati, ukivaa spika za masikioni tu, au kamwe. Mwekee kila wakati. Samsung wana programu yao, na jambo hilo limo kwenye mipangilio ya kupokea na kukata simu. Ukikuta simu ya baba ina programu nyingine ya kupigia isiyo na kitu hicho, ipakue ile ya Google kutoka Play Store kama simu yake inaikubali, na uiteue kuwa ndiyo programu ya simu. Kutaja huko hakuhitaji bando. Kunahitaji tu mlio uwe wazi. Simu ikiwekwa kwenye kimya au mtetemo, usitegemee itamke neno.

Kama mpaka hapo umefanikiwa, umefanya nusu. Nusu nyingine ndiyo ambayo hakuna programu itakayokufanyia, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote: orodha ya majina yenyewe.

Simu itasoma ulichoandika. Mwaka fulani mzee mmoja aliniletea simu akilalamika kwamba ina wazimu. Nikaipigia kwa namba ya mkewe aliyekuwa amekaa naye. Simu ikatamka: "Bibi, moyo mwekundu, moyo mwekundu, mbili, Voda." Mjukuu ndiye aliyeandika, akaweka na mioyo, na mbili kwa sababu ni laini yake ya pili. Kwa mwenye macho ni jina zuri la kupendeza. Kwa mzee yule lilikuwa mafumbo, na mpaka linaisha kutamkwa simu imeshaita mara kadhaa. Tukafuta yote, tukaandika neno moja tu, lile analomwitia mkewe siku zote. Nikapiga tena kwa namba ile ile. Mzee alitabasamu kabla hajapokea.

Kwa hiyo kaa na baba, pitieni majina yote, moja baada ya jingine. Simu ya kurithi kutoka kwa mdogo wako ina uchafu wa mdogo wako humo: "Bro Pkpk", "Mteja 4", "Usipokee". Yasiyomhusu baba futa. Kwa yale yanayobaki, usimuulize baba "huyu anaitwa nani?" Muulize "huyu wewe unamwitaje?" Kama wewe anakuita Mama Zuhura, andika Mama Zuhura, hata kama kitambulisho chako kinasema vingine. Akimwita kaka yake Bwana Mkubwa, andika hivyo. Maneno mawili yanatosha, na lile linalotofautisha litangulie. Ukiwa na kina Juma wanne, "Juma wa Korogwe" na "Juma wa msikitini" vinachanganya kwa sababu vyote vinaanza Juma, na neno la mwisho humezwa na mlio. "Korogwe Juma" si Kiswahili cha shuleni, lakini sikio linalipata mara moja.

Majina ya kigeni yaandike yanavyotamkwa. Ukishaweka sauti ya Kiswahili, tatizo la Mage limeisha, lakini sasa Joyce na George watasomwa kwa kanuni za Kiswahili, utacheka na baba hataelewa. Andika Joisi. Andika Joji, Gresi, Maiko. Hakuna atakayesahihisha tahajia kwenye simu ya mtu anayetumia masikio. Usiandike kwa herufi kubwa tupu, maana injini nyingine hudhani ni kifupisho na kutaja herufi moja moja. Vifupisho navyo viache. "Dkt wa macho" andika "Daktari wa macho". Namba zote zihifadhi zikianza na +255, na uzihifadhi kwenye simu au kwenye akaunti ya Google. Usizihifadhi kwenye laini. Ziko sababu kadhaa, na moja nakueleza sasa hivi kwa kuwa ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

Kila jina lililohifadhiwa kwenye simu unaweza kulipa mlio wake. Lililohifadhiwa kwenye laini halipokei mlio. Na mlio si lazima uwe muziki. Fungua kinasa sauti, mpe Zuhura simu, mwambie aseme: "Babu, ni mama anapiga. Babu, ni mama anapiga." Nyamaza kidogo, arudie. Sekunde kumi au kumi na tano zinatosha, maana simu huurudia mlio yenyewe. Hifadhi rekodi hiyo, kisha kwenye jina lako chagua mlio na uiteue. Ukipiga kutoka Dar, sebule nzima Muheza itasikia sauti ya mjukuu ikimwita babu. Hakuna injini, hakuna lafudhi ya kigeni, hakuna kinachoharibika simu ikijisasisha. Inafanya kazi hata kwenye simu ya zamani ambayo programu yake haina utajaji wa majina kabisa. Kwa watu sita au saba wanaompigia baba kila wiki, mimi ningefanya hivi kwanza, kisha utajaji wa kawaida ubaki kwa wengine. Ila mkiweka vyote viwili kwa mtu mmoja vitagongana. Jaribuni, na vikigongana bakini na sauti ya mtoto na kuzima utajaji, au rekodi muianze kwa ukimya wa sekunde mbili tatu.

WhatsApp ni njia nyingine kabisa. Simu ya WhatsApp haipiti kwenye programu ya kawaida ya kupigia, kwa hiyo kwenye Android utajaji ule hautaifikia. Lakini WhatsApp nayo inakubali mlio wa peke yake kwa kila mtu. Weka rekodi ile ile ya Zuhura. Au waambieni ndugu wote wampigie baba simu ya kawaida. Kwa mzee ninayemfikiria, hilo la pili ndilo jepesi.

Sasa, kwa nini ile programu yako ilinyamaza? Sababu iliyo ya kawaida kabisa ni betri. Simu nyingi za bei ya kati hufunga programu zinazokaa nyuma bila kutumiwa, ili chaji idumu. Programu ya kutaja majina lazima ikae nyuma inasubiri. Simu inaiona ni mvivu anayekula chaji, inaizima. Unaweza kuiruhusu isizimwe kwenye mipangilio ya betri, lakini mimi sikushauri. Fikiria ilichokuomba ulipoipakua. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu ya nje haiwezi kuiona namba inayopiga mpaka ipewe ruhusa ya kusoma kumbukumbu za simu, na ili ipate jina lazima ipewe na orodha yako ya majina. Yaani umempa mtu usiyemjua, anayeishi kwa matangazo, daftari la kila aliyempigia baba na lini. Huenda ni mtu mwema. Lakini baba ameshatapeliwa mara moja, na kazi yenyewe simu inaiweza bila yeye. Iondoe.

Kuhusu iPhone: inao utajaji huo tangu iOS 10 ya mwaka 2016, kwenye mipangilio ya simu, na inafanya kazi vizuri. Lakini anayetaja ni Siri, na Siri hasemi Kiswahili. Ungelipa fedha nyingi kumrudisha baba kwa Meji. Kama angekuwa na iPhone tayari ningekueleza namna ya kuandika majina yaendane na sauti ile. Kwa kuwa hana, hizo hela zina kazi nyingine, nitakuambia ipi. Kuna na simu za batani, vitochi, ambazo husoma namba unapobonyeza na nyingine hutaja anayepiga. Faida yake ni vitufe vya kupapasa: mzee akijua kitufe cha kijani kiko wapi kwa kidole, hahitaji kingine. Ukiamua kununua, iombe dukani, washa, ipigie hapo hapo ukiwa umehifadhi jina, usikilize inasema nini na kwa lugha gani. Usikubali maelezo ya muuzaji peke yake.

Maana kusikia jina ni jambo moja, na kupokea ni jingine. Kioo cha kupangusa hakina kitu cha kupapasa. Kwenye Samsung unaweza kuweka kitufe cha kuongeza sauti kiwe cha kupokelea. Kwenye Android nyingi, mipangilio ya ufikivu inakuruhusu kitufe cha kuwashia kiwe cha kukatia, na hicho muwekee bila kusita, kwa sababu wazee wasioona huachwa hewani na salio la mtu linaisha. Mwonyeshe pia kwamba kubonyeza kitufe cha sauti simu inapoita huzima mlio bila kukata. Jina ambalo hataki kulipokea, analinyamazisha tu.

Kama baba ana moyo wa kujifunza, ipo TalkBack, kisomaji cha kioo kilichomo ndani ya Android. Hiyo husoma kila kitu anachogusa, si jina la anayepiga tu: saa, ujumbe, salio. Lakini inabadilisha namna ya kugusa. Gusa mara moja inasoma, gusa mara mbili inatenda. Kupokea simu ni kugonga kioo mara mbili kwa vidole viwili. Mtu mwenye macho akiishika simu hiyo anadhani imeharibika, na nimeona familia zikipeleka kwa fundi simu nzima kabisa. Inawashwa na kuzimwa kwa kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja sekunde tatu hivi. Kila mtu nyumbani alijue hilo. Mpe wiki mbili tatu za mazoezi, kidogo kidogo, na mtu wa kukaa naye. Usiiwashe Jumapili jioni ukapanda basi la Dar Jumatatu asubuhi. Nimemwona mzee aliyeachiwa hivyo akakaa siku tisa bila kupokea simu ya mtu yeyote.

Jambo jingine hulifikirii mpaka likukute: simu inayotaja majina inamtajia kila aliye jirani. Msikitini, kilabuni, kwenye daladala, mbele ya wageni. Kuna majina ambayo mtu hataki yatangazwe, ya muuguzi wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, ya anayemdai, ya msimamizi wa mirathi. Muulize baba mkiwa wawili. Kama lipo jina la namna hiyo, liandikeni kwa neno mnalolijua ninyi wawili tu. Akipenda atumie spika ya sikioni, na utajaji uwekwe kwa spika pekee, lakini sikio moja tu. Asiyeona huvuka barabara kwa masikio.

Nije kwa matapeli, na hapa nataka unisome vizuri. Utajaji wa jina unasaidia kweli, kwa njia moja: simu isiyo na jina inajitaja kuwa haina jina. Ama itasoma tarakimu, ama itasema namba haijulikani. Aliyempigia baba mwezi wa tatu angetajwa hivyo, na baba angeanza mazungumzo akiwa na shaka badala ya hofu. Hiyo ni kinga kubwa. Lakini jina likitajwa, simu imethibitisha namba tu. Haijamthibitisha mtu. Simu yako ikiibwa Kariakoo saa nne, saa nne na nusu itaita Muheza na sebule nzima itasikia "Babu, ni mama anapiga", kwa sauti ya Zuhura mwenyewe. Mtu akiirudisha laini yako kwa ujanja kwenye kadi nyingine, ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo wekeni neno la nyumbani. Swali moja ambalo jibu lake halipo kwenye simu wala Facebook: yule mbuzi aliyeanguka kisimani aliitwaje, au bibi alikuwa akiuza nini stendi. Sauti yoyote itakayotaja fedha, iwe na jina au isiwe nalo, baba aulize swali hilo. Asiyejua jibu, baba anakata, na anakata bila kuona haya, kwa sababu wewe mwanawe umemwambia mwenyewe kwamba hutakasirika hata ukiwa ni wewe kweli na umelisahau. Mwambie hayo kwa maneno hayo hayo. Wazee hutapeliwa kwa adabu yao. Wanaona vibaya kumhoji mtoto aliyelazwa. Ile namba ya mwezi wa tatu, kama bado mnayo, iripotini kwa kutuma ujumbe wenye neno UTAPELI kwenda 15040, kisha mfuate maelekezo mtakayorudishiwa. Bonyeza na *106# kwenye simu ya baba uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Kama kuna msiyoijua, nendeni naye kwenye duka la mtandao husika. Na yule kijana wa jirani aliyesaidia kutuma, mzungumze naye kwa upole. Huenda hana kosa lolote, lakini namba ya siri ya baba sasa anaijua, na lazima ibadilishwe.

Sasa lile la nne.

Mimi kazi yangu ni simu, si daktari wa macho. Lakini miaka minne ya kufifia taratibu mpaka kubaki na mwanga na vivuli, katika mtu wa miaka 71 ambaye hukutaja popote kwamba daktari amempima, hiyo siwezi kuipita. Uzee peke yake haupofushi mtu. Ugonjwa ndio hupofusha, na unaoongoza kwa kupofusha watu duniani ni mtoto wa jicho, ambao ni ukungu kwenye lenzi. Huo unatibika kwa upasuaji: lenzi iliyochafuka inatolewa, inawekwa ya bandia, na watu wengi huenda nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Nimewahi kufundisha TalkBack kwa miezi miwili kwa mama mmoja wa watu, akapelekwa kupimwa kwa ajili ya jambo jingine, akarudi anasoma majina kwenye simu kwa macho yake. Nilifurahi, na niliumia pia kwa miezi ile na miaka iliyoitangulia.

Inawezekana kwa baba si hivyo. Inawezekana ni presha ya macho, glakoma, ambayo ikishachukua kuona hakurudi, ila dawa ya matone au upasuaji huzuia kilichobaki kisiende. Na hiyo hutembea ndani ya familia, kwa hiyo wewe, Mage na mdogo wenu nanyi mtapaswa kupimwa, hata kama mnaona vizuri, kwa sababu mwanzoni haiumi wala haijionyeshi. Inawezekana ni kisukari. Anayeweza kujua ni mwenye taa na vipimo mbele ya jicho lenyewe. Anzeni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tanga; ikibidi watawaelekeza KCMC Moshi au CCBRT hapa Dar. Hela ya iPhone iende huko. Na kabla ya siku hiyo kufika, ikiwa jicho litauma ghafla na kuwa jekundu, au kile kidogo anachokiona kitatoweka kwa siku moja kana kwamba pazia limeshushwa, msisubiri miadi. Ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Hata akipelekwa kesho, simu ataihitaji leo, kwa hiyo fanya yote mawili. Ukikwama kwenye mipangilio, usimwachie simu fundi wa kibandani ikiwa na laini ya fedha ndani. Toa laini kwanza. Chama cha Wasioona Tanzania kina matawi mikoani, na mtu asiyeona aliyezoea simu atamfundisha baba kwa saa moja kile ambacho mimi na wewe tungehangaika nacho siku nzima, kwa sababu anakijua kwa vidole.

Siku utakayomaliza kuandika majina, usimwambie kwamba umemaliza. Toka, nenda mpaka kwenye ule upande wa uani ambako hakusikii, mpigie. Subiri. Kwa muda mrefu neno lake la kwanza limekuwa "Haloo, nani mwenzangu?" Sikiliza safari hii atasemaje, kisha uniandikie.